Kodi ya kampuni anaibeba nani, na mbona pepa zinapingana?

Swali: "Shikamoo mtaalamu. Nasoma shahada ya pili ya fedha na tasnifu yangu ni kuhusu kodi za kampuni na wawekezaji. Shida ni kwamba kila nikisoma nazidi kuchanganyikiwa. Pepa moja inasema kodi ya gawio ikishuka kampuni zinamwaga gawio, nyingine inasema uwekezaji hausogei hata kidogo. Moja inasema kodi ya kampuni wanaibeba wafanyakazi, nyingine inasema wenye hisa. Wote maprofesa wakubwa, wote wana data. Sasa nimwamini nani, na mimi nianzie wapi?"

Marahaba mdogo wangu. Wala usione aibu kuchanganyikiwa, hii fani inawachanganya watu wenye mvi tangu miaka ya 60 na bado wanabishana kwenye makongamano mpaka chai inapoa. Mi nitakuambia kitu kimoja tu alafu nikuonyeshe kinavyofanya kazi: kabla hujasoma matokeo ya pepa yoyote ya kodi, tafuta kwanza nani amelinganishwa na nani. Jedwali la matokeo liache, utalirudia baadaye. Ukishajua kundi gani liliguswa na kodi na kundi gani halikuguswa, sehemu kubwa ya huo ugomvi unaouona inaisha yenyewe, na kinachobaki ni ugomvi wa kweli ambao ndo unafaa kuandikiwa tasnifu.

Tuanze na gawio (ile faida wanayogawiwa wenye hisa) maana ndo ulikoanzia. Mwaka 2003 Marekani ilikata kodi ya juu kabisa ya gawio kwa mtu binafsi kutoka 38.6% hadi 15%. Kwa watafiti hilo lilikuwa shamba la bure, mabadiliko makubwa, yamekuja haraka, na hayakugusa kila mtu. Raj Chetty na Emmanuel Saez wakatoa pepa 2005, wakachukua kampuni zilizopo soko la hisa, wakakuta gawio la kawaida limepanda kama 20% ndani ya mwaka na nusu hivi. Lakini utamu wa pepa ile hauko kwenye hiyo 20%, uko kwenye nani alipandisha. Kampuni ambazo wenye hisa wakubwa ni taasisi zisizolipa kodi, kama mifuko ya pensheni, hazikusogea sana, na hilo lina mantiki kwa sababu kodi ya gawio ilikuwa haiwahusu tangu mwanzo. Waliosogea ni wale ambao mabosi wao wana hisa nyingi mkononi, tena wana opsheni chache. Hapo kwenye opsheni simama kidogo. Opsheni inakupa haki ya kununua hisa kwa bei iliyopangwa, sasa kampuni ikitoa gawio bei ya hisa inashuka, na mwenye opsheni hapati senti ya hilo gawio, anabaki anaangalia thamani yake ikipungua. Bosi mwenye hisa anashangilia kodi kushuka, bosi mwenye opsheni anatafuta sababu ya kutotoa gawio. Sheria ile ile, mwaka ule ule, tabia mbili.

Sasa njoo kwa Danny Yagan, pepa yake ni ya 2015, na inachunguza punguzo lile lile la 2003. Yeye akaenda kwenye ritani za kodi za kampuni (zile fomu zinazowasilishwa kwa mamlaka ya kodi) akalinganisha aina mbili. Marekani kuna kampuni wanaziita aina ya C, ambazo zinalipa kodi ya kampuni alafu mwenye hisa analipa tena kodi akipewa gawio, na kuna aina ya S, ambazo faida inahesabiwa moja kwa moja kwenye ritani ya mwenye kampuni iwe imegawiwa au haijagawiwa, kwa hiyo kodi ya gawio kwao haipo. Ziko kwenye sekta zile zile, zina ukubwa unaofanana, zinashindana kwa wateja wale wale. Punguzo la 2003 likawagusa C, likawaruka S. Yagan akaangalia uwekezaji wa makundi yote mawili kabla na baada, mistari inaenda pamoja kama reli, kabla pamoja na baada pamoja. Mishahara vile vile. Na sio kwamba data yake ilikuwa na ukungu akashindwa kuona kitu, hapana, makadirio yake ni finyu kiasi kwamba yanafuta uwezekano wa athari kubwa, na hiyo ni tofauti kubwa sana na pepa inayosema "hatukuona athari" wakati ukiangalia kiwango cha kosa unakuta lolote lingewezekana.

Umeona sasa? Hao wawili hawagombani. Mmoja anasema hela zilitoka kwenye kampuni kwenda kwa wenye hisa, mwingine anasema mashine mpya hazikununuliwa zaidi. Vyote vinaweza kuwa kweli kwa wakati mmoja, na ukweli wake unamuumiza mwanasiasa aliyeuza lile punguzo kwa kusema litaleta viwanda.

Utaniuliza kwa nini uwekezaji usisogee. Hapa kuna nadharia mbili, moja wanaiita mtazamo wa zamani na nyingine mtazamo mpya (huo "mpya" ni wa miaka ya 70 na mwanzo wa 80, akina King, Auerbach na Bradford, jina tu ndo limegoma kuzeeka). Chukua kalamu tufanye hesabu. Kampuni ina 100 ya faida iliyobaki ndani na kodi ya gawio ni 15%. Ikigawa leo mwenye hisa anapata 85. Isipogawa, ikaizungusha mwaka mmoja kwa faida ya 10%, itakuwa na 110, ikigawa hapo mwenye hisa anapata 93.5. Gawanya 93.5 kwa 85 unapata 1.1, yaani faida yake ni 10% kamili, kodi imejifuta yenyewe. Weka kodi 40% ukitaka, jibu ni lile lile, ilimradi kodi ya leo na ya kesho ziwe sawa. Huo ndo mtazamo mpya, unahusu kampuni iliyokomaa inayojiendesha kwa faida yake yenyewe. Mtazamo wa zamani unahusu kampuni inayotafuta mtaji nje: mwenye hisa anatoa 100 mfukoni kwake, inazaa 10, kampuni inamrudishia mtaji wake na ile 10 inakatwa 15%, anabaki na 8.5. Hapo kodi imeuma, na kuna miradi itakufa kwa sababu yake. Kwa hiyo swali la kama kodi ya gawio inaua uwekezaji halina jibu mpaka useme kampuni inapata wapi hela ya mradi unaofuata. Kampuni za Yagan nyingi ni za kati, haziko soko la hisa, zimeshasimama, ni watoto wa mtazamo mpya kabisa. Ukitumia pepa yake kuongelea kampuni changa inayouza hisa kwa mara ya kwanza umeivusha mpaka bila pasipoti.

Na kuna pepa ya tatu ambayo naipenda kuliko zote kwenye mada hii, ya Charles Boissel na Adrien Matray, 2022. Ufaransa mwaka 2013 ilipandisha kodi ya gawio kwa wamiliki wa aina fulani ya kampuni kutoka 15.5% hadi 46%, mara tatu, wakati aina nyingine ya kampuni inayofanana nayo haikuguswa. Wakati huo wenye biashara walilalamika kwamba uwekezaji utakufa. Kilichotokea, gawio likakatwa haraka sana, na hela iliyobaki ndani ikaenda kununua vifaa, uwekezaji ukapanda. Watafiti wakagawa kampuni kwenye makundi kila namna wakitafuta angalau kundi moja lililopunguza uwekezaji, hawakulipata. Sasa usikimbie na hili useme kodi ya gawio ipandishwe kila mahali. Ni wamiliki wanaoendesha kampuni zao wenyewe, hela ikibaki ndani bado ni yao. Kampuni yenye bosi wa kuajiriwa na wenye hisa waliotawanyika hela ikibaki ndani inaweza kuishia kwenye jengo la makao makuu lenye chemchemi mlangoni.

Haya, twende kwenye kubwa, nani anabeba kodi ya kampuni. Arnold Harberger mwaka 1962 alijenga modeli ya uchumi uliofungwa wenye sekta mbili, moja inatozwa kodi ya kampuni nyingine haitozwi. Jibu lake, kwa namba za Marekani ya wakati ule, mzigo unaangukia wenye mtaji karibu wote, na angalia, ni wenye mtaji wote kwenye uchumi, hata wale wa sekta isiyotozwa, kwa sababu mtaji unahama kutoka sekta yenye kodi kwenda isiyo na kodi mpaka faida zilingane. Hiyo hoja ni nzuri mpaka leo. Lakini fungua mpaka, ruhusu mtaji kwenda nchi nyingine, mambo yanageuka: mtaji unaondoka, mfanyakazi anabaki na mashine chache, anazalisha kidogo, mshahara unashuka. Nadharia inakwambia hivi: asiyeweza kukimbia ndiye analipa. Hiyo shika, kila pepa ya mada hii inaizunguka.

Sasa kwa vitendo. Ujerumani kila manispaa inapanga yenyewe kiwango chake cha kodi ya biashara, wakati kanuni za nini kinatozwa zinapangwa na serikali kuu. Kwa mtafiti hiyo ni raha, namba inabadilika lakini maana ya faida haibadiliki. Fuest, Peichl na Siegloch, pepa ya 2018, walichukua miaka 20 ya manispaa hizo na mabadiliko ya kodi yapatayo 6,800, wakayaunganisha na kumbukumbu za waajiri na wafanyakazi. Wakakuta wafanyakazi wanabeba kama nusu ya mzigo. Na ndani ya hiyo nusu, wanaoumia zaidi ni wenye ujuzi mdogo, vijana na wanawake. Hii ndo pepa inayotajwa kila mtu akitaka kodi ya kampuni ishuke, lakini wengi hawafiki ukurasa wa pili wa matokeo, ambapo nafasi ya kampuni kuhamisha faida na namna mishahara inavyojadiliwa kwenye ile kampuni vinabadilisha jibu sana. Na hapa mi huwa nasisitiza: ni kodi ya manispaa. Kuhama mji sio sawa na kuhama nchi.

Marekani wenzao Juan Carlos Suárez Serrato na Owen Zidar, 2016, walifanya kwa majimbo, wao wakamwongeza mtu wa tatu ambaye wengi humsahau: mwenye ardhi. Jimbo likipunguza kodi, kampuni zinakuja, watu wanakuja, pango la nyumba linapanda. Mgawanyo wao ni wenye kampuni kama 40%, wafanyakazi 30% mpaka 35%, wenye ardhi 25% mpaka 30%. Ukimuondoa mwenye ardhi kwenye modeli, fungu lake linaingia kwa mtu mwingine bila wewe kujua, na pepa yako inaanza "kupingana" na yao.

Alafu ikaja ile sheria kubwa ya Marekani ya mwishoni mwa 2017, kiwango cha kodi ya kampuni kikatoka 35% hadi 21%. Washauri wa uchumi wa ikulu walitabiri kaya itaongezewa kipato cha dola 4,000 mpaka 9,000 kwa mwaka. Chodorow-Reich, Zidar na Zwick walipopitia ushahidi wote, makala ya 2024, wakasema uwekezaji kweli ulipanda, na sio kidogo, kama 11%, lakini mshahara kwa mfanyakazi kwa muda mrefu utaongezeka kama dola 750 kwa mwaka. Na utafiti mwingine wa Kennedy na wenzake ukarudi kwenye ule ujanja wa kulinganisha C na S, ukaingia ndani ya orodha za mishahara za kampuni: wafanyakazi walio kwenye asilimia 90 ya chini kwa mshahara hawakuona kitu cha kuhesabika, ongezeko likaenda kwa asilimia 10 ya juu, hasa watendaji. Kwa hiyo "wafanyakazi wananufaika" ni sentensi ya kweli ukikubali kwamba mkurugenzi mtendaji naye ni mfanyakazi. Kisheria ni mfanyakazi. Mi ningependa kila pepa ya namna hii ilazimishwe kuonyesha mgawanyo na sio wastani peke yake.

Kuna kingine kwenye sheria ile ambacho wanafunzi wanakipita. Kupunguza kiwango cha kodi na kuruhusu kampuni ikate gharama ya mashine haraka ni vitu viwili tofauti. Kiwango kikishuka unamzawadia hata aliyenunua mashine miaka 10 iliyopita, hela imeenda kwa uamuzi ulioshafanyika. Ukiruhusu uchakavu wa haraka, yaani gharama ya mashine ikatwe mapema kwenye faida inayotozwa, unamlipa anayenunua sasa. Zwick na Mahon, 2017, walifuatilia ile nafuu ya uchakavu wa haraka Marekani, wakakuta uwekezaji kwenye vifaa vinavyohusika ulipanda 10.4% kati ya 2001 na 2004, na 16.9% kati ya 2008 na 2010, na kampuni ndogo ziliitikia karibu mara mbili ya kubwa. Tena ziliitikia zaidi pale nafuu ilipoleta hela taslimu mwaka ule ule. Kwa vitabu vya nadharia haikutakiwa iwe hivyo, kampuni inayojua kupiga hesabu za thamani ya leo isingejali sana hela ije lini. Kumbe inajali.

Upande wa mwekezaji nitapita haraka maana naona swali lako limeelemea kampuni, ila mfano mmoja lazima uupate, unafundisha kuliko darasa zima. Elton na Gruber mwaka 1970 waliona kwamba siku hisa inapoanza kuuzwa bila haki ya gawio, bei inashuka pungufu ya gawio lenyewe, kwa wastani kama 78% tu. Wakasema ni kodi: gawio linatozwa zaidi kuliko faida ya kuuza hisa, kwa hiyo soko linalithamini gawio pungufu. Hoja safi, ikafundishwa miaka mingi. Alafu 1998 Frank na Jagannathan wakaenda Hong Kong, mahali ambapo gawio halitozwi kodi na faida ya kuuza hisa nayo haitozwi. Gawio la wastani lilikuwa senti 12 za dola ya Hong Kong, bei ikashuka senti 6. Nusu! Hakuna kodi yoyote na bado bei haishuki inavyotakiwa. Maelezo yao ni kwamba kukusanya gawio ni usumbufu kwa wawekezaji wengi, kwa hiyo wananunua baada ya siku hiyo na kuuza kabla yake, na bei zinarukaruka kati ya bei ya kununulia na ya kuuzia. Haimaanishi kodi haina kazi siku ile, kuna pepa nyingi baadaye zinaonyesha kodi ikibadilika na mwanya wa bei unabadilika. Inamaanisha ule mwanya peke yake haukwambii kiwango cha kodi cha mtu yeyote. Terrance Odean naye, mwaka huo huo 1998, kwenye akaunti 10,000 za dalali mmoja Marekani, alikuta watu wanauza hisa zenye faida na kung'ang'ania zenye hasara, wakati kodi inawataka wafanye kinyume, ukiuza yenye hasara unapunguza kodi. Mwezi mmoja tu walifanya inavyotakiwa: Desemba, mwaka wa kodi ukiwa unaisha. Kwa hiyo mtu wa kwenye vitabu anayepanga kodi yake mwaka mzima, kwenye data anaonekana Desemba tu.

Madeni nayo ni hivyo hivyo. Modigliani na Miller 1963 walisema riba inakatwa kwenye faida kabla ya kodi, kwa hiyo deni lina nafuu, Miller mwenyewe 1977 akarudi akasema subiri, aliyekukopesha naye anatozwa kodi kwenye riba, nafuu inaweza kuyeyuka. John Graham 2000 akaipima, ikawa kama 9.7% ya thamani ya kampuni kabla ya kuhesabu kodi za watu binafsi, na chini ya nusu ya hapo ukizihesabu. Alafu Heider na Ljungqvist, 2015, kwa kodi za majimbo ya Marekani, wakaleta kitu kitamu: kodi ikipanda kampuni zinaongeza deni, kodi ikishuka hazilipunguzi. Ukichanganya kupanda na kushuka kwenye rigresheni moja (hesabu ya takwimu inayopima uhusiano) unapata wastani usiomhusu mtu yeyote. Lakini hapo pia tahadhari, mageuzi yanayotokea majimbo tofauti miaka tofauti yana mtego ambao Goodman-Bacon aliueleza vizuri 2021: yale makadirio ya kawaida yanatumia waliokwishaguswa mapema kama kundi la kulinganishia waliochelewa, na kama athari inaendelea kukua kwa muda unaweza kupata hata alama ya kutoa mahali pa kujumlisha. Msimamizi wako akiwa wa zamani anaweza asikuulize, mtahini wa nje atakuuliza.

Sasa ugomvi wa kweli, maana nilisema upo. Kuhamisha faida kwenda nchi za kodi nafuu. Tørsløv, Wier na Zucman walisema 36% ya faida za kampuni za kimataifa zilihamishwa mwaka 2015. Njia yao ni rahisi kueleweka, wanaangalia faida kwa kila dola ya mshahara: kampuni za kigeni Ireland zilikuwa zinaandika kama dola 8 za faida kwa kila dola 1 ya mshahara, wakati kampuni za wenyeji haziko karibu na hapo. Blouin na Robinson wakaja wakasema kwenye baadhi ya data za Marekani zinazotumika kwenye mada hii faida ile ile inahesabiwa mara mbili, kampuni mama ya nje inaandika mapato ya kampuni tanzu kana kwamba ni yake tena, ukisahihisha kiasi kinapungua sana. Hapa hakuna cha "wote wako sawa", wanabishania namba moja na mmoja yuko karibu zaidi na ukweli kuliko mwenzake. Mi naegemea kwamba kuhamisha faida ni kukubwa ila kiasi chake kinategemea mno faida umeitoa wapi, na ukitaka kuandika hapa uwe tayari kusoma maelezo ya chini ya jedwali kuliko jedwali.

Na ukipima "kiwango halisi cha kodi" kwa kampuni, yaani kodi gawanya kwa faida, jihadhari na namba unazotumia. Kodi ya kwenye vitabu na kodi iliyolipwa taslimu sio kitu kimoja, mwaka mmoja kampuni inaweza kulipa madeni ya kodi ya nyuma ikaonekana shujaa. Ndo maana Dyreng, Hanlon na Maydew, 2008, walijumlisha kodi ya taslimu ya miaka 10 wakaigawa kwa faida ya miaka 10, wakati kiwango cha kisheria Marekani kilikuwa 35%. Wastani ukawa kama 30%, lakini robo ya kampuni zilikuwa chini ya 20% kwa miaka yote hiyo 10 kwa ujumla. Na watu wana tabia ya kutupa kampuni zenye hasara kwenye sampuli kwa sababu uwiano unakuwa hauna maana, basi ukizitupa umebaki na waliofanikiwa na unashangaa kwa nini wanalipa vizuri.

Kabla sijaingia kwenye tasnifu yako, jua pia kwamba sio kila namba iliyofanyiwa kazi inachapishwa. Gechert na Heimberger, 2022, walikusanya makadirio 441 kutoka tafiti 42 kuhusu kodi ya kampuni na ukuaji wa uchumi. Ukisoma juu juu kupunguza kodi kunaonekana kunakuza uchumi, ukishasahihisha ile tabia ya majarida kupenda matokeo ya upande mmoja, huwezi kuondoa uwezekano kwamba athari ni sifuri. Sifuri kwenye ukuaji wa jumla, elewa, haifuti ile 11% ya uwekezaji ya sheria ya 2017, ni maswali mawili.

Kwako sasa. Usianze na swali la "athari ya kodi kwenye uwekezaji", hilo ni bahari. Anza na sheria. Tafuta badiliko moja la kodi lililogusa kampuni za aina moja likawaruka majirani zao: aina ya usajili, ukubwa wa mauzo, walio soko la hisa na wasiopo, mwaka wa kuanza. Vizingiti, yaani viwango ambavyo ukivivuka kodi inabadilika, ni vizuri kuliko vyote, maana kila penye kizingiti watu wanajirundika upande wenye nafuu na mrundikano unaonekana kwa macho. Best na wenzake, 2015, walifanya hivyo Pakistani, ambako kampuni inalipa kilicho kikubwa kati ya kodi ya faida na kodi ndogo ya mauzo. Kampuni zikarundikana pale pale kodi mbili zinapokutana, na kutoka kwenye huo mrundikano wakakadiria kwamba kutoza mauzo kunapunguza ukwepaji wa kodi ya kampuni kwa kiasi kinachofika 60% mpaka 70% ya faida ya kampuni. Ni pepa iliyotumia data ya ritani tu na akili nyingi. Kama ritani huwezi kuzipata, taarifa za fedha za kampuni zilizoorodheshwa zipo wazi, na tangazo la gawio lina tarehe, hivyo badiliko la kodi ya gawio linaweza kufuatiliwa kwa kampuni hata 50 ukijua nani ndani yao wana wenye hisa wanaotozwa na nani hawana.

Kisha chora mchoro mmoja, makundi mawili, miaka mitano kabla ya sheria na mitatu baada. Kama kabla ya sheria mistari haiendi pamoja, badilisha kundi la kulinganishia sasa hivi, usisubiri sura ya nne. Ukiupata huo mchoro nitumie pamoja na kifungu cha sheria chenyewe, sio muhtasari wa gazeti, maana tarehe ya sheria kuanza kutumika na tarehe ilipotangazwa bungeni mara nyingi zina miezi kati yake, na kampuni hazisubiri, zinagawa gawio kwenye huo mwanya.